Kutoka Ndorobo hadi Ogiek: Jina, Msitu na Ushahidi wa Uasilia nchini Kenya

Miongoni mwa majina ya makabila ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka bara, machache yamewatia wenyewe hasara kama jina Ndorobo. Asili yake si Kiswahili. Wamaasai walilitumia, kwa umbo la Il-torobo, kuwataja watu wasio na ng'ombe, yaani mafukara walioishi kwa kuwinda na kwa kurina asali. Na maadamu katika fikra za mfugaji mtu asiye na ng'ombe ni mtu aliyepungukiwa, jina hilo halikuwa jina la kabila bali la hali. Misafara ya biashara iliyotoka pwani katika karne ya 19 ililizoea, wasafiri wa Kizungu walioifuata misafara hiyo wakalinakili, na Kiswahili kikalivika kiambishi cha watu, wakawa Wandorobo. Yasisahauliwe pia mazingira ambamo neno hilo liliingia. Kiswahili kina ndorobo mwingine, naye ni mbung'o, yule nzi aambukizaye malale. Yawe maneno hayo yametoka katika shina moja au mashina mbalimbali, aliyelisikia jina la watu hao kwa mara ya kwanza katika Kiswahili alilisikia likiwa jirani na mdudu.

Walioitwa hivyo hawakuwa taifa moja. Walikuwamo Wayaaku wa Mukogodo, kaskazini mwa Mlima Kenya, ambao lugha yao ni ya tawi la Kikushi. Walikuwamo Waogiek wa msitu wa Mau, ambao usemi wao ni wa Kiniloti cha Kusini, ndugu wa Kinandi na Kikipsigis. Walikuwamo hata Wamaasai wenyewe ambao sotoka ya miaka ya 1890 iliwamalizia mifugo, wakaingia porini kutafuta riziki. Hao waliweza kuacha kuwa Wandorobo siku walipopata ng'ombe tena. Jina lililokusanya watu mbalimbali kiasi hicho lisingeweza kueleza wao ni nani. Liliweza tu kueleza wanakosa nini. Makala haya yanawahusu zaidi Waogiek wa Mau, kwa kuwa ni wao waliolikataa jina hilo hadharani na kuufikisha ukataaji huo mbele ya mahakama ya bara zima.

Waogiek walikuwa na utaratibu wao wa ardhi, ingawa mgeni hakuuona kwa macho. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa msitu, uitwao konoito, ulioteremka kutoka nyanda za juu zenye baridi hadi nyanda za chini, ukipita katika miinuko yenye mimea tofauti. Maana ya mpango huo ilikuwa hii: miti haichanui kwa wakati mmoja katika miinuko yote, na nyuki hufuata maua, kwa hiyo wenye ukanda waliweza kuifuata asali wakipanda na kushuka mwaka mzima bila kuvuka mpaka wa jirani. Mizinga ya magogo ilitundikwa mitini, na kila mzinga ulikuwa na mwenyewe. Asali ilikuwa chakula, ilikuwa pombe ya sherehe, ilikuwa sehemu ya mahari, na ilikuwa bidhaa ya kubadilishana na wafugaji na wakulima waliouzunguka msitu. Mtawala wa kikoloni, aliyefundishwa kwamba mwenye ardhi ni yule aliyeilima au aliyeizungushia ua, aliutazama msitu huo akaona miti isiyo na wenyewe. Hapana shaka jina Ndorobo lilimsaidia kuona hivyo, kwani lilikwisha kumwambia kwamba wakaao humo ni watu wasio na kitu.

Majirani nao walikuwa na Ndorobo wao katika masimulizi. A.C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wamaasai kilichotoka mwaka 1905, alinakili kisa cha mwanzo wa mambo ambamo Mungu, alipokuja kuitengeneza dunia, alimkuta Ndorobo akiishi pamoja na ndovu na nyoka. Kisa kinapokwisha, ng'ombe wameteremshwa kutoka mbinguni, wamekuwa wa Mmaasai, naye Ndorobo amebaki na wanyama wa mwituni. Kwa upande wa Wagikuyu, Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938 anaeleza jinsi ardhi ya Kiambu ilivyonunuliwa kwa Wandorobo, na jinsi wanunuzi na wauzaji walivyofanywa ndugu kwanza kwa kiapo cha kimila ndipo mali ikabadilishana mikono. Visa hivi viwili havifanani kwa nia. Cha kwanza kinaeleza kwa nini Mmaasai ana haki na ng'ombe wote. Cha pili kilielekezwa kwa serikali ya Kiingereza, kikithibitisha kwamba Mgikuyu alikuwa na hati halali ya ardhi aliyonyang'anywa na walowezi, na kwa lengo hilo kilikuwa na uzito mkubwa. Lakini vyote viwili vinamhitaji Ndorobo kwa namna moja: lazima awe ametangulia kuwapo ili awe shahidi, na lazima awe ameondoka ili asiwe mdai.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliunda Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter, na ripoti yake ikatolewa mwaka 1934. Tume hiyo ilisikiliza madai ya kila kabila, ikachora mipaka ya hifadhi za Waafrika, ikakuza ile ya nyanda za walowezi. Ilipowafikia Wandorobo haikuwachorea chochote. Pendekezo lake lilikuwa kwamba, kila ilipowezekana, wahamishiwe katika hifadhi ya kabila walilokaribiana nalo zaidi, wamezwe humo. Neno kumezwa hapa si la kutia chumvi, maana huo ndio uliokuwa mwelekeo wa sera yenyewe. Athari yake inaonekana vizuri zaidi upande wa Mukogodo kuliko Mau. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 Wayaaku walichukua mifugo, wakaoana na majirani, wakaiacha lugha yao na kushika Kimaasai. Leo wajukuu wao wanaojaribu kuifufua lugha hiyo wanategemea maneno yaliyookolewa kutoka vinywani mwa wazee wachache sana. Waogiek wa Mau hawakumezwa kwa ukamilifu huo, ingawa si kwa sababu sera iliwahurumia. Msitu ulikuwa mkubwa, nao walikuwa wakifukuzwa na kurudi, wakifukuzwa na kurudi.

Uhuru wa mwaka 1963 haukuugeuza mtazamo wa sheria juu ya msitu. Mau uliendelea kuwa mali ya serikali, na aliyezaliwa humo aliendelea kuwa mvamizi humo. Hatua iliyojeruhi zaidi ilikuja mwaka 2001, wakati serikali ilipotangaza kuondoa katika hifadhi sehemu kubwa za misitu nchini. Katika Mau Mashariki peke yake zaidi ya nusu ya msitu ilitolewa kwa makazi, na wengi waliofaidika walikuwa wageni kabisa wa mahali hapo. Msitu ulipokatwa, mito ikapungua, na taifa likashtuka, lawama iliwaangukia wakazi wote wa msitu kwa jumla, mwenye mzinga na mwenye msumeno wa moto wakahesabiwa sawa. Mwezi Oktoba 2009 Waogiek na wakazi wengine wa Mau walipewa ilani ya siku 30 kuondoka. Ilani hiyo ndiyo iliyozaa kesi itakayoelezwa hapa chini.

Kabla ya kufika huko, inafaa kuwatazama wataalamu, kwa maana wao nao wana sehemu yao katika habari hii. G.W.B. Huntingford aliandika juu ya Wandorobo wa upande wa Nandi mwaka 1929, akawaita wawindaji wa kisasa, jina ambalo lilikuwa na heshima kuliko mengi ya wakati wake. Baada yake maswali yaliyoulizwa zaidi yalikuwa ya chanzo: je, hawa ni mabaki ya watu wa kale waliokuwapo kabla ya wafugaji na wakulima, au ni wafugaji waliofilisika? Swali la pili lilipendwa sana, na si vigumu kuona sababu; jibu lake likiwa ndiyo, hakuna haki ya pekee inayodaiwa. Mwaka 1980 Corinne Kratz alichapisha makala ambayo kichwa chake kiliuliza, kwa kejeli iliyostahili, kama Waogiek kwa kweli ni Wamaasai, au Wakipsigis, au Wagikuyu. Alichoonyesha ni kwamba mtu aweza kusema lugha ya jirani, akavaa kama jirani, akatahiri pamoja na jirani, na bado akajijua kuwa Mwogiek, na akajulikana hivyo na jirani huyohuyo.

Wanaisimu hawakosi lawama. Kwa muda mrefu Kiogiek kiliorodheshwa kama lahaja tu katika kundi la Kalenjin, na uorodheshaji huo, ambao kwa mwanaisimu ni jambo la fonolojia na msamiati, ulipofika kwa mwanasiasa uligeuka kuwa hoja: kama lugha yao ni lahaja ya wengine, basi wao ni tawi la wengine. Hapa kuna kichekesho kidogo. Jina Kalenjin lenyewe lilianza kuenea katika miaka ya 1940, likiwaunganisha Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo na wenzao, na hakuna tume iliyowahi kuwadai ushahidi kwamba walikuwa Kalenjin katika karne iliyotangulia. Kabila kubwa huruhusiwa kujibuni upya na likaitwa la kisasa. Kabila dogo likifanya hivyo huambiwa limepotea.

Jina Ogiek, au Okiek kwa matamshi na tahajia nyingine, ndilo ambalo watu wa Mau hujiitia wenyewe, na halikuanza jana. Jipya ni kulitumia mbele ya serikali. Tangu miaka ya 1990, viongozi na vyama vyao vilipoanza kwenda mahakamani na kuandika barua kwa wizara, jina Ndorobo liliachwa katika maandishi yao, na maana ya Ogiek ikaanza kufasiriwa kwa wasikilizaji wa nje kuwa mtunzaji wa mimea na wanyama wote. Mwanaetimolojia mkali angetaka kujua zaidi kabla ya kuikubali tafsiri hiyo. Hata hivyo, mwanahistoria ataikubali kama tukio: watu walioitwa kwa jina la ukosefu kwa zaidi ya karne moja wamejifasiri kwa jina la amana. Katika sensa ya mwaka 2009 waliojitaja kuwa Waogiek walikuwa karibu 79,000. Katika sensa ya 2019 walikuwa karibu 53,000. Hakuna gonjwa wala vita vilivyowaua watu 26,000 katika miaka hiyo 10. Tofauti hiyo ni ya namna watu walivyojitaja na walivyoandikwa, na inaonyesha kwamba mtu anayeulizwa kabila lake mlangoni mwake hujibu akiwa na mambo mengi moyoni kuliko yale yanayoonekana katika fomu ya karani: ardhi aliyopewa au aliyonyimwa, jirani anayesikiliza, uchaguzi uliopita na ujao.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia tena, safari hii si kwa kutoa jina la tusi bali kwa kutafuta neno la haki. Tamko la Umoja wa Mataifa la Septemba 13, 2007 kuhusu haki za watu wa namna hii, ambalo Kenya haikulipigia kura ya ndiyo wala ya la, lilihitaji kutajwa kwa Kiswahili, na istilahi zilizojaribiwa ni kadhaa. Wenyeji ndilo neno la karibu zaidi kwa msemaji wa kawaida. Lakini mwenyeji ni kinyume cha mgeni tu. Mtu aliyehamia Nakuru miaka 20 iliyopita ni mwenyeji wa Nakuru kwa yule ashukaye basini leo, na ni wajibu wake kumkaribisha. Isitoshe, kivumishi chake, -a kienyeji, kimeshuka thamani: kuku wa kienyeji husifiwa, lakini dawa ya kienyeji na akili ya kienyeji hutajwa mara nyingi kwa dharau. Wazawa hukusanya kila aliyezaliwa mahali. Mzalendo limekwenda upande wa mapenzi ya nchi, na katika siasa za Kenya limezoeleka sana kuwa sifa ya mtu anayeitii serikali. Lililoshinda ni jamii asilia.

Ushindi huo una tatizo lake. Asili ni chanzo, shina, mwanzo. Kwa hiyo jamii asilia, kwa sikio la Mswahili, ni jamii iliyotangulia kuwapo. Msikilizaji Mkamba au Mluhya hujibu papo hapo, na kwa haki, kwamba yeye naye ni wa asili ya Afrika, hakuja kwa jahazi. Serikali nyingi za Afrika zimetoa jibu hilohilo kwa lugha ya kidiplomasia. Kumbe dhana iliyokusudiwa si hiyo. Kikundi cha wataalamu cha Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika ripoti iliyopitishwa mwaka 2003, kilieleza wazi kwamba katika Afrika jambo si nani alifika kwanza. Jambo ni watu wanaojitambulisha wenyewe kuwa hivyo, ambao maisha na utamaduni wao umefungamana na ardhi fulani kiasi kwamba kuinyang'anya ni kuwavunja, na ambao wametengwa na kudharauliwa kwa sababu ya namna yao ya kuishi. Neno asilia halisemi hata moja katika hayo. Linarudi palepale pa Hollis na Kenyatta, pa Ndorobo aliyetangulia. Tume ileile ilipoamua mwaka 2010 katika shauri la Waendorois, waliofukuzwa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama, iliwatambua kuwa jamii ya namna hiyo ingawa wao ni wafugaji na hawakuwahi kuwa Wandorobo wa mtu yeyote.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipiga hatua kubwa. Katika kifungu cha 63 iliingiza katika ardhi ya jamii zile ardhi za mababu na zile zilizokaliwa tangu jadi na wawindaji na wakusanyaji. Katika kifungu cha 260, hata hivyo, inapofasiri jamii iliyotengwa, inaitaja jamii ya asili ambayo imehifadhi na kudumisha mtindo wa maisha wa jadi uliojengwa juu ya uwindaji au ukusanyaji. Vitenzi hivyo viwili, kuhifadhi na kudumisha, vinastahili kusomwa polepole. Kuwinda kumekatazwa na sheria ya Kenya tangu mwaka 1977. Kuingia msituni bila kibali ni kosa. Mtu anayetakiwa adumishe uwindaji ili atambuliwe anatakiwa, kwa maneno mengine, atende kosa ili apate haki. Na akiacha kuwinda, akalima viazi na kufuga kondoo wachache kama walivyofanya Waogiek wengi, je, amejitoa katika tafsiri ya Katiba?

Swali hilo ndilo lililofika Arusha. Shauri lilipokelewa na Tume ya Afrika mwaka 2009 baada ya ile ilani ya siku 30, likapelekwa mwaka 2012 mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Miongoni mwa majibu ya serikali ya Kenya yalikuwa mawili yanayohusu hoja ya makala haya. La kwanza, kwamba Waogiek si kabila lililo peke yake, bali ni mchanganyiko wa jamii mbalimbali. La pili, kwamba Waogiek wa leo si wale wa miaka ya 1930, wala si wale wa miaka ya 1990. Wamebadilika, wanaishi kama Wakenya wengine. Majibu hayo yakiwekwa kando ya ripoti ya Carter, yanaonekana kuwa mtoto wake halali. Kwanza watu waliagizwa wamezwe. Miaka 80 baadaye wanaambiwa kwamba, kwa kuwa wamefanana na walioagizwa kuwameza, hawana madai.

Hukumu ilitolewa Mei 26, 2017. Mahakama iliwatambua Waogiek kuwa jamii ya asili ya msitu wa Mau, ikaona kwamba serikali ilikiuka Mkataba wa Afrika katika vifungu vinavyohusu ubaguzi, dini, mali, utamaduni, matumizi ya maliasili na maendeleo. Dai la kukiukwa kwa haki ya uhai halikukubaliwa. Hoja ya kwamba watu waliondolewa ili msitu uokolewe ilikataliwa pia, kwani uharibifu ulitokana na wavamizi wengine na na serikali yenyewe kuigawa ardhi. Lakini sehemu yenye uzito kwa mwanafunzi wa utamaduni ni ile ambamo Mahakama ilijibu hoja ya mabadiliko. Ilisema, kwa ufupi, kwamba kudumaa si sharti la utambulisho wa kitamaduni. Kwamba mavazi na alama za kundi huweza kubadilika kadiri wakati unavyokwenda bila kundi hilo kukoma kuwa lenyewe. Jambo hili kila msomi wa lugha analijua. Hakuna amwambiaye Mmvita kwamba si Mswahili kwa kuwa haandiki tena kwa herufi za Kiarabu. Hata hivyo ilihitajiwa mahakama ya bara, na miaka mitano ya shauri mbele yake, ili jambo hilo likubaliwe kwa Mwogiek. Hukumu yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, mjini Arusha, mahali ambapo hata mchuuzi wa ndizi nje ya lango angeweza kuisoma kwa Kiswahili kama ingaliandikwa.

Lakini mahakama hutoa hukumu, haichori picha, na picha ina nguvu zake. Msomaji wa magazeti ya Nairobi humjua Mwogiek kwa ngozi ya pimbi mabegani, upinde mkononi, na kibuyu cha asali. Vitu hivyo si vya uongo. Vazi la ngozi ya pimbi ni la heshima, na wazee wanaolivaa wanapokwenda mbele ya maofisa huwa wanajua wanalofanya. Wanajua kwamba jaji, mfadhili na mwandishi wa habari wanatambua uasilia kwa macho kabla ya kuutambua kwa masikio. Tatizo ni kwamba picha inayofungua mlango ndiyo hiyohiyo itakayotumiwa kuufunga, siku mzee yuleyule atakapoonekana sokoni Elburgon kavaa koti na kubeba simu. Jaribio jingine la uwakilishi lilifanywa na Kratz katika maonyesho ya picha za Waogiek yaliyofunguliwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, mwaka 1989, ambamo maneno ya Waogiek wenyewe walipokuwa wakizitazama picha hizo yaliwekwa pamoja nazo. Mtazamaji aliyezoea kuona watu wa msituni wakiwa kimya ukutani aliwakuta wakizungumza juu ya nani ni nani, nani amevaa nini, na ilikuwa siku gani. Ni badiliko dogo, lakini lilimwondoa mtazamaji katika kiti cha hakimu.

Jaribio lililo muhimu kuliko yote, kwa watu wa fani ya lugha, lilifanywa na Waogiek wenyewe huko Nessuit, katika kaunti ya sasa ya Nakuru, mwaka 2006. Kwa msaada wa wataalamu wa ramani walijenga mfano wa Mau Mashariki wenye vilima na mabonde, tabaka juu ya tabaka kufuata miinuko, kisha wazee wa koo mbalimbali wakaja kuuwekea alama: mto huu, kilima kile, mpaka wa ukoo fulani, mahali pa mizinga, mahali pa mkutano. Nyuzi za rangi zilinyoshwa juu ya mfano huo kuonyesha mipaka. Ardhi ambayo katika ramani ya serikali ilikuwa na rangi moja ya kijani na nambari za vitalu ilijaa majina. Na majina hayo hayakuwa ya mapambo. Jina la mahali katika msitu ni kumbukumbu ya mti, ya mnyama, ya tukio au ya mtu, na kwa desturi ya konoito ni ushahidi wa milki. Mzee anayeweza kuyataja majina ya ukanda wake kutoka juu hadi chini kwa mfuatano ameitoa hati yake. Ushahidi huo wa kinywa hauhitaji ngozi ya pimbi. Aliyevaa koti anaweza kuutoa vilevile, maadamu anaijua lugha. Ndipo inapoonekana kwamba kifo cha Kiogiek kingekuwa hasara kubwa zaidi kuliko kuachwa kwa upinde, kwa maana koti halifuti majina, bali ulimi uliosahau huyafuta.

Mahakama ilionekana kulielewa jambo hilo. Katika hukumu ya fidia ya Juni 23, 2022 iliiamuru serikali ya Kenya iwalipe Waogiek shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara ya moyo, iweke mipaka ya ardhi yao na kuwapa hati ya pamoja, na iwatambue kikamilifu kuwa jamii ya asili ya Kenya, ikiwa ni pamoja na kuitambua na kuilinda lugha yao na desturi za dini na utamaduni wao. Lugha imetajwa kwa jina lake katika amri ya mahakama. Ni mara chache sana katika historia ya Afrika Mashariki lugha ya watu wachache kiasi hicho imepata heshima ya namna hiyo, na kazi inayotokana nayo ni ya idara za lugha kabla ya kuwa ya idara za misitu: kukusanya msamiati wa nyuki na miti, kurekodi majina ya mahali pamoja na visa vyake, kuamua tahajia ambayo Mwogiek wa Nakuru na wa Narok wataikubali, na kurekebisha kamusi za Kiswahili ambazo bado zinamtaja Ndorobo bila kueleza kwamba ni jina la kupewa, na kwamba aliyepewa amelirudisha.

Mwezi Novemba 2023 maofisa wa serikali waliingia Sasimwani, katika Mau ya upande wa Narok, wakabomoa na kuchoma nyumba za mamia ya Waogiek. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuuokoa msitu. Ilikuwa miaka 6 tangu Mahakama kuikataa sababu hiyo, na mwaka mmoja na miezi 5 tangu iamuru mipaka iwekwe kwa kushauriana na wenyewe. Waliohojiwa na waandishi wa habari kando ya majivu walivaa makoti na sweta, kwa kuwa Mau kuna baridi mwezi huo na mvua, na walieleza kwa Kiswahili na kwa lugha yao walikokuwa wakiishi, wakivitaja vilima na mito kwa majina.